Safari ni ya Mama: mwongozo kamili wa kumwezesha mzazi mwenye ulemavu kutoka, kufika na kurudi mwenyewe

Mwaka wa kwanza baada ya Mama kupata kiharusi, mimi ndiye niliyekuwa nikienda Kariakoo kumnunulia vitenge. Ameuza vitenge Manzese kwa zaidi ya miaka 20, nyumba kwa nyumba na kwenye vikundi vya akina mama, na wateja wake anawajua kwa majina na kwa rangi wanazopenda. Mguu na mkono wa kulia ulipodhoofika niliona ni wajibu wangu kwenda, yeye apumzike. Nikamletea doti kumi na mbili. Baada ya miezi miwili, nane zilikuwa bado kabatini.

“Umeninunulia rangi zako,” aliniambia, wala hakukasirika. “Mimi nilikuwa nanunua za watu wangu.”

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Kazi yote nilikuwa nimeifanya, ila ile moja aliyoihitaji, ya yeye kufika dukani na kuchagua, hatukuigusa. Tukaanza upya, safari hii akiongoza yeye. Leo Mama anakwenda Kariakoo mwenyewe kila baada ya wiki mbili.

Ninachoandika hapa ni njia tuliyopita, pamoja na makosa ambayo ningependa usiyarudie. Sisi tuko Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Morogoro. Mama anatembea hatua chache kwa fimbo, na nje anatumia kiti mwendo. Kama mzazi wako amekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, au haoni vizuri, au magoti yamechoka, vipimo vitabadilika lakini mpangilio wa kazi utakuwa huuhuu.

Daftari kwanza, chombo baadaye

Watoto wengi tunaanza na gari. Tumnunulie? Tumkodie bajaji ya mwezi mzima? Liache hilo kwanza. Chukua daftari, kaa na mzazi wako wakati hajachoka, umuulize: kabla ya ugonjwa, wiki yako ilikuwaje? Jumatatu ulikwenda wapi? Nani walikuwa wakikusubiri? Usimuulize “unahitaji kwenda wapi,” maana mzazi anayeogopa kuwa mzigo atakujibu “hospitali tu, mwanangu,” na mazungumzo yataishia hapo.

Mama alitaja safari saba. Kliniki ya presha, niliyodhani ingekuwa ya kwanza, aliitaja ya tano. Ya kwanza ilikuwa kikoba cha Jumamosi, mtaa wa tatu kutoka nyumbani, ambako alikuwa mtunza hazina na ambako kwa mwaka mzima hisa zake zilikuwa zikipelekwa na mtoto wa jirani.

Kila safari ipe ukurasa wake. Andika umbali kutoka mlangoni hadi barabarani, mahali pa kuvuka, ngazi zilizopo huko anakokwenda, choo kiko wapi na mlango wake una upana gani, nani yuko pale anayemfahamu, atarudi saa ngapi na mzigo gani. Halafu fanya jambo ambalo hakuna aliyenishauri, nami nilichelewa kuligundua: ipite njia hiyo ukiwa umekaa wewe kwenye kiti mwendo, ndugu yako akikusukuma. Njia niliyoipita kwa miguu maisha yangu yote ilikuwa na mtaro usio na kifuniko, mchanga wa kuzama karibu na banda la chipsi, na tuta ambalo sikuwahi kuliona kama tuta. Mtaro ule tuliupeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukachangishana na majirani, fundi akamwaga kifuniko cha zege siku moja.

Kisha chagua safari moja ya kuanzia. Iwe fupi, iwe ya kila wiki, na iwe mahali ambako kuna watu watakaofurahi kumwona. Hospitali isiwe ya kwanza. Mtu akitoka nje kwa ajili ya sindano tu, ataanza kuuchukia mlango.

Kiti lazima kimkae, kama nguo

Kiti cha kwanza cha Mama kilikuwa cha msaada, kikubwa, cha saizi ya mwanamume mnene. Alikuwa akiteleza upande wa kulia kila tukipita kwenye shimo. Tulidhani ni ugonjwa. Kumbe ni kiti.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo mwaka 2008 kwa ajili ya nchi zenye uwezo mdogo kama zetu. Humo utoaji wa kiti una hatua nane: rufaa, tathmini, kuchagua kiti kinachofaa, fedha na kuagiza, kukiandaa, kumjaribishia, kumfundisha mtumiaji, na matengenezo pamoja na kumfuatilia. Mara nyingi familia zetu hupata hatua moja tu, ile ya kukabidhiwa kiti. Ukiweza, mpeleke mzazi mahali wanapopima: Dar es Salaam kuna hospitali ya CCBRT pale Msasani, na Moshi kuna hospitali ya KCMC, ambako pia ndiko kiliko chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi.

Hata kabla ya mtaalamu, unaweza kuangalia mwenyewe. Akikaa nyuma kabisa, kati ya ukingo wa siti na nyuma ya goti vipenye vidole viwili. Siti ikiwa ndefu zaidi atateleza mbele, ikiwa fupi sana mapaja yataning’inia. Nyonga zienee bila kubanwa na bila nafasi ya kuegemea upande. Mapaja yalale kwenye siti, magoti yasinyanyuke juu. Na magurudumu ya mbele, hasa kwa mitaa ya vumbi na mchanga, yawe makubwa na mapana. Yale madogo ya viti vya wodini yametengenezewa sakafu ya hospitali. Mtaani huzama, na kiti kikizama ghafla aliyekaa anakwenda na uso.

Kwa mzazi aliyepooza upande mmoja kuna siri ambayo ilibadilisha maisha yetu. Mtu wa namna hii anaweza kukiendesha kiti mwenyewe kwa mkono mmoja na mguu mmoja, mkono unasukuma na mguu unavuta na kuelekeza. Lakini ili mguu ufanye kazi, kisigino lazima kifike chini, kwa hiyo siti inatakiwa iwe chini kuliko kawaida na sehemu ya kukanyagia ya upande huo iondolewe. Pima ukiwa umeshaweka mto, kwa sababu mto unainua. Mtaalamu wa fiziotherapia alipomshushia Mama siti, alijisukuma kutoka sebuleni hadi uani bila mtu kumgusa. Alikuwa hajafanya hivyo kwa miezi kumi na nne.

Mto nao usiudharau. Sponji ya kawaida ikishabonyea ni sawa na kukalia ubao, na vidonda vya mgandamizo huanza kimyakimya, hasa kwa mtu ambaye hisia za ngozi zimepungua. Mfundishe mzazi kuinamia mbele au kuegemea upande kila baada ya dakika 20 hadi 30, hata akiwa kwenye foleni.

Kutoka mlangoni

Nyumba nyingi za Uswahilini zina ngazi mbili tatu barazani, na hapo ndipo safari nyingi hufia. Njia ya mteremko inajengwa kwa hesabu rahisi: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi mbili za sentimita 15 kila moja ni sentimita 30, kwa hiyo mteremko uwe na urefu wa mita 3.6. Fundi atakuambia mita moja na nusu inatosha. Haitoshi. Mteremko mkali anaupanda mtu anayesukumwa na kijana mwenye nguvu tu, nasi tunataka aupande mwenyewe. Kama uwanja ni mdogo, mteremko ukunjwe, na pale unapokunjwa paachwe sehemu tambarare ya mita moja na nusu ili kiti kigeuke.

Mwambie fundi asilainishe juu. Zege likiwa bichi alikwaruze kwa ufagio ili lisiteleze mvua ikinyesha, na pembeni ajenge ukingo mfupi unaozuia gurudumu kutoka nje. Bomba la kushikia liwe upande wa mkono wenye nguvu. Na kama mteremko una upande mmoja tu wa bomba, kumbuka kwamba mkono wa kushoto wakati wa kushuka utakuwa upande mwingine wakati wa kupanda. Sisi tulilazimika kumwita fundi wa kuchomelea mara ya pili kwa sababu hiyo.

Kuhama kutoka kiti hadi chombo

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watu huumizana kwa mapenzi mema. Wiki za mwanzo nilikuwa nikimvuta Mama kwa mkono wa kulia ili ainuke. Bega la upande uliopooza halina misuli ya kulishikilia, na linaweza kuteguka kwa kuvutwa tu. Alikaa na maumivu wiki tatu. Usimvute mzazi wako kwa mkono dhaifu, wala usimwinue kwa kumshika kwapani.

Mfunge mkanda mpana kiunoni, ule wa kitambaa kigumu, uwe ndio mahali pa kushika. Funga breki za kiti pande zote mbili na ondoa sehemu za kukanyagia. Upande wenye nguvu ndio unaotangulia, kwenda na kurudi. Kwa Mama, siti ya bajaji inakuwa kushotoni kwake wakati wa kupanda, na kiti mwendo kinakuwa kushotoni kwake wakati wa kushuka. Asogee hadi ukingoni mwa siti, avute miguu nyuma kidogo, ainame mbele mpaka uzito uje kwenye nyayo, ndipo ainuke. Wewe simama upande dhaifu, goti lako likizuia goti lake lisikunjike, mkono kwenye mkanda. Hesabuni pamoja. Mama ndiye anayehesabu, “moja, mbili, twende,” kwa sababu mwili ni wake na yeye ndiye anayejua lini uko tayari.

Kwenye gari dogo, sukuma siti ya mbele nyuma kabisa kabla hajakaribia. Atangulize makalio, kisha kichwa akiinamisha chini ya paa, miguu iwe ya mwisho. Zamani watu walitandika mfuko wa plastiki juu ya siti ili mtu azunguke kwa urahisi. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku Tanzania mwezi Juni 2019 sisi tunatandika kitambaa cha satini, na kinafanya kazi vizuri zaidi. Kiondoe kabla gari halijaondoka, la sivyo akifunga breki dereva, Mama naye atateleza.

Fanyeni zoezi hili nyumbani, kwa kiti cha sebuleni, mara ishirini kabla ya kumwita dereva yeyote.

Bajaji

Kwa safari za mjini zisizozidi kilomita chache, kwangu mimi bajaji ndiyo nambari moja. Siti yake iko chini, ubavu uko wazi, hakuna mlango wa kugonga kichwa, na dereva anafika hadi barazani. Kiti kikikunjwa kinafungwa nyuma kwa mipira ya tyubu. Isitoshe, Dar es Salaam ina madereva wa bajaji ambao wao wenyewe ni watu wenye ulemavu, na hao huhitaji maelezo machache sana.

Usitegemee dereva mmoja. Tafuta watatu wa kijiwe kilekile, waite nyumbani siku moja, uwaonyeshe jinsi ya kukunja kiti, kufunga mkanda na kusimama upande dhaifu. Walipe kwa muda wao siku hiyo. Namba zao ziwe kwenye simu ya Mama. Akipiga yeye, akapatana nauli yeye, akasema “nisubiri robo saa,” heshima inabadilika. Dereva wetu mmoja mwanzoni alikuwa akinipigia mimi kuuliza kama bibi anakwenda au haendi. Nikamwomba ampigie mwenye safari, na toka hapo hajanipigia tena.

Bodaboda siishauri kwa mtu aliyepooza upande, hata kwa umbali wa dakika tano. Mkono mmoja hautoshi kujishikilia.

Mwendokasi

Mabasi yaendayo haraka yalianza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani. Kwa mtu wa kiti mwendo faida yake kubwa ni kwamba kituo kina njia ya mteremko badala ya ngazi, na sakafu ya kituo iko usawa wa sakafu ya basi. Hakuna kubebwa.

Kazi iko kabla na baada. Vituo viko katikati ya barabara, kwa hiyo ni lazima avuke. Chagueni kituo kwa kuangalia kivuko chake, hata kama si kile kilicho karibu zaidi na nyumbani. Pale ambapo njia ya kuvukia ni daraja la ngazi, achaneni napo. Mama anakipita kituo kimoja makusudi kwa sababu cha pili kina taa za kuvukia na mteremko usio na mchanga.

Kati ya basi na kituo hubaki mwanya, siku nyingine mdogo, siku nyingine mpana, kutegemea dereva amesimama vipi. Magurudumu ya mbele yanaweza kuingia humo. Wakati wa kupanda, msaidizi akiinamishe kiti nyuma kidogo, magurudumu ya mbele yavuke hewani, ndipo ya nyuma yafuate. Wakati wa kushuka, atoke kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia. Mama amejifunza kumwambia abiria yeyote aliye karibu: “Kijana, shika hapa, ninyanyue mbele kidogo, asante.” Sentensi hiyo tuliifanyia mazoezi. Watu wengi wako tayari kusaidia ila hawajui washike wapi, na wasipoambiwa hushika gurudumu au mkono dhaifu. Ndani ya basi, breki zifungwe na mgongo uegemee kitu imara kama nafasi ipo.

Saa ni jambo la kufa na kupona. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi usijaribu, na jioni kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku vivyo hivyo. Mama anatoka saa nne, anarudi kabla ya saa tisa.

Daladala, gari, treni, ndege

Daladala kwa kiti mwendo ni mapambano, na sitakudanganya. Konda anahesabu nafasi, ngazi ya mlangoni iko juu, gari linaondoka mtu hajakaa. Siku moja tuliachwa na magari manne mfululizo, la tano likatutoza nauli ya kiti kama mzigo. Kwa mzazi anayetembea kwa fimbo inawezekana, kwa sharti kwamba apandie kituo cha mwanzo ambako gari linasubiri kujaa, au ageuze nalo, yaani alipande likielekea mwisho wa njia ili arudi nalo akiwa ameshakaa. Akae siti ya karibu na mlango, na amwambie konda mapema atakaposhukia. Konda akikuuliza wewe “Bibi huyu anashuka wapi?” jibu lako liwe moja kila siku: “Muulize mwenyewe.”

Kama familia ina uwezo wa gari, tazameni urefu wa siti kutoka chini na namna mlango unavyofunguka kabla ya kutazama injini. Toyota Porte ina mlango mmoja mkubwa wa kuteleza upande wa kushoto na sakafu ya chini, na kwa kuwa Japani kama sisi wanaendesha kushoto mwa barabara, mlango huo unafungukia pembeni, mbali na magari. Toyota Raum ya toleo la pili upande wa kushoto haina nguzo katikati ya mlango wa mbele na wa nyuma, kwa hiyo pakifunguliwa pote panakuwa peupe kabisa. Toyota pia hutengeneza magari yenye siti inayozunguka nje au njia ya mteremko, yakijulikana kama Welcab, na yaliyotumika hupatikana kwenye minada ya Japani. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ina msamaha kwa vifaa na magari ya watu wenye ulemavu, wenye masharti yake. Nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kulipia gari, usiende baada ya meli kufika.

Safari ndefu zimekuwa rahisi kidogo. Treni ya mwendokasi ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwaka huohuo, na stesheni ya Dar es Salaam ina lifti. Fika mapema, jitambulishe kwa wahudumu langoni. Kwa ndege, omba msaada wa kiti angalau saa 48 kabla, na ujue alama wanazotumia: WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu, WCHS hawezi ngazi, WCHC ni wa kufikishwa hadi kwenye siti yake. Ukikosea alama, mtakuta ngazi ya ndege bila mtu wa kumbeba.

Jiondoe kidogo kidogo

Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ugumu wake uko kwetu sisi watoto. Tulifanya hivi. Safari mbili za kwanza za kikoba nilikuwa pembeni yake. Mbili zilizofuata nilikwenda nyuma, hatua kumi, bila kusema kitu mpaka aombe. Kisha nikatangulia kumsubiri kule. Kisha nikabaki nyumbani, simu mkononi, tumekubaliana anipigie akifika na akianza kurudi, basi. Sio kila dakika kumi. Kariakoo ilichukua miezi mitano kwa mpangilio huohuo.

Kabla ya kuruka hatua, fanyeni mazoezi ya mabaya: basi limejaa, tairi limepata pancha, simu imezima, amejisikia kizunguzungu. Kwenye mfuko wa kiti kuna kadi ngumu yenye jina lake, namba za watoto wawili, dawa anazotumia na ugonjwa wake. Kwa mzazi ambaye kiharusi kimegusa ulimi, ongeza kadi za safari: “Nashuka Magomeni Mapipa. Tafadhali nisaidie kuvuka.” Na mfundisheni, nanyi mjifunze, dalili za kiharusi kingine, uso kwenda upande, mkono kulegea, maneno kuparaganyika. Hapo hakuna kusubiri kurudi nyumbani, ni hospitali moja kwa moja.

Ameanguka mara moja, kwenye kivuko, akachubuka kiwiko. Kaka yangu mkubwa alitaka safari zisimame. Tulikaa kikao cha familia, na Mama alisikiliza wote, kisha akasema ataendelea ila atabadilisha kivuko. Kikao kikaisha.

Hela zikae kwake

Tuko watoto wanne, na kila mwezi tunachanga hela ya usafiri. Mwanzo zilikuja kwangu, nami nikawa mweka hazina wa miguu ya mama yangu. Kila akitaka kutoka, ilibidi aniombe. Sasa kila mmoja anamtumia yeye, kwenye simu yake. Analipa bajaji kwa simu au kwa noti, na akiamua wiki hii hela ya kliniki imalize deni la vitenge, hilo analipanga yeye na daktari wake, tutamsikiliza.

Hela ndogo ziwe kwenye pochi anayoweza kuifungua kwa mkono mmoja. Zipu ngumu imemzuia mtu kulipa nauli mara nyingi kuliko unavyodhani.

Haki aliyonayo

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara yake ya 9 inahusu ufikikaji, pamoja na usafiri, na ya 20 inahusu mtu kwenda atakako kwa uhuru kadiri inavyowezekana. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Kwa ndugu zetu wa Kenya, Katiba ya 2010 ibara ya 54 inataja wazi haki ya kufikia usafiri wa umma, na usajili hufanywa kupitia Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu.

Kwa vitendo, nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, mzazi atambuliwe. Malalamiko ya chombo cha abiria peleka LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ukiwa na namba ya gari, saa na kituo. Lalamiko lisilo na hayo matatu halifiki mbali. Na kama mzazi bado ana biashara, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hiyo ni ya watu wenye ulemavu. Jiungeni na CHAWATA, chama cha watu wenye ulemavu, au chama kingine cha eneo lenu. Taarifa ya kivuko kipi kimeharibika hufika huko kabla ya kufika ofisini.

Choo, mvua na pancha

Mama aligundulika hanywi maji siku ya safari, kwa kuogopa kukosa choo. Kwa mtu wa presha aliyekwisha kupata kiharusi hilo ni hatari. Tukaandika vyoo anavyoweza kuingia kwenye kila safari, pamoja na cha duka la rafiki yake pale Kariakoo. Kama anatumia dawa ya presha inayokojoza, muulizeni daktari kama siku ya safari anaweza kuinywa akirudi. Msiibadilishe wenyewe.

Mvua za masika, Machi hadi Mei, bonde la Jangwani hujaa maji ya Mto Msimbazi na mabasi husimama. Siku hizo Kariakoo inaahirishwa, na bajaji inabaki kwa safari za upande wetu wa bonde. Mjulisheni pia anayemsubiri.

Kiti kikaguliwe kila Ijumaa: upepo, breki, boliti, spoki, na nywele au nyuzi zilizojisokota kwenye magurudumu ya mbele. Tairi za nyuma za viti vingi ni inchi 24, na fundi baiskeli yeyote anaziba pancha yake. Tyubu ya akiba ikae mfukoni mwa kiti. Grisi mara moja kwa mwezi, mara mbili wakati wa mvua.

Kila baada ya miezi mitatu lifungueni daftari tena, maana nguvu hupanda na kushuka, macho hubadilika, rafiki huhama. Safari ikishindikana kwa chombo kimoja, tafuteni chombo kingine kabla ya kuifuta. Mwezi uliopita Mama alifuta saluni mwenyewe, kwa kuwa msusi siku hizi anamfuata nyumbani. Chini yake akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikiwa zimelala: Morogoro, kwa dada. Tumeshaulizia nauli ya treni. Mimi nitamsindikiza hadi stesheni.